USIACHE MBACHAO: HISTORIA YA BAISKELI ZILIZOTUPWA NA AKINA MAMA WA IFAKARA



Kamati ya sherehe ilituomba tuandike historia. Habari za hisa, mikopo na mfuko wa jamii zimo katika taarifa ya mweka hazina, na hapa hatutazirudia. Sisi tumeona tuandike habari za baiskeli. Kila anayekijua kikundi chetu anajua kwamba sisi ndio wale akina mama wanaokusanya baiskeli mbovu. Wengine walituita wauza skrepa, na wengine walicheka. Lakini jambo hili lina historia ndefu kuliko kikundi chetu, na vijana wetu wengi hawaijui. Basi tuanze mwanzo.

BAISKELI ILIVYOANZA

Baiskeli ya namna tunayoijua, yenye magurudumu mawili yanayolingana na mnyororo unaovuta gurudumu la nyuma, ilitokea Coventry, Uingereza, mwaka 1885. Aliyeitengeneza ni John Kemp Starley. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akikaa Belfast, alipata hati ya tairi ya kujazwa upepo. Katika miaka hiyo hiyo ya 1880 kiwanda cha Raleigh kilianza mjini Nottingham.

Tunataja mambo haya ya mbali kwa sababu moja. Tangu siku zile umbo la baiskeli halikubadilika sana. Fremu ni ile ile, gololi ni zile zile, mnyororo ni ule ule. Ndiyo maana baiskeli ya babu inaweza kupokea pedali iliyonunuliwa jana. Redio ya babu haiwezi, wala simu ya mwaka juzi. Baiskeli ni chombo kisichozeeka chote kwa siku moja. Huzeeka kipande kipande, na kipande kilichozeeka unakibadilisha.

Wakati wa Mwingereza, baiskeli nyeusi ya Raleigh ilikuwa mali kubwa. Ilikuwa ya karani, ya mwalimu, ya katekista, na ya mkulima aliyebahatika na mavuno. Ilikuwa na leseni yake kama gari. Tena ilikuwa ya kiume, maana lile bomba la juu la fremu linamzuia mwanamke aliyevaa kanga kupandisha mguu. Mama alikaa nyuma kwenye keria, na mtoto mgongoni. Wengi wetu tumeanza kuijua baiskeli tukiwa kwenye keria hiyo.

VIJIJI, RELI NA PHOENIX

Ifakara ni nchi ya tambarare. Bonde la Kilombero halina vilima vya kumtoa mtu jasho, na baiskeli inakwenda vizuri mpaka masika yanapoingia na udongo kugeuka uji. Mashamba ya mpunga yako mbali. Baada ya serikali kuagiza mwaka 1973 watu wote wakae vijijini, na operesheni ile kuendelea mpaka 1976, nyumba zilisogea barabarani lakini mashamba hayakusogea. Mtu alilima huko huko kwa zamani, saa mbili au tatu za mguu. Wengine walihamia shambani msimu mzima, wakalala kwenye dungu na mbu wao. Hapo ndipo baiskeli ilipokuwa kitu cha lazima.

Wakati huo huo reli ya TAZARA ilikuwa inajengwa. Kazi ilianza 1970, na reli ilikabidhiwa mwaka 1976. Ina urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Wengi wanajua kwamba China ilitoa mkopo. Wachache wanajua kwamba sehemu ya gharama za hapa nchini ililipwa kwa kuuza bidhaa za China madukani kwetu. Baiskeli za Phoenix kutoka Shanghai zilijulikana sana miaka hiyo. Ilikuwa nzito, nyeusi, inabeba gunia la mpunga bila kulalamika. Reli ilipofunguliwa, watu walipeleka ndizi na mchele stesheni kwa baiskeli, wakapakia kwenye treni ndogo ambayo watu waliiita Kipisi. Reli na baiskeli vilikuwa kama pete na kidole.

Nchi yetu nayo ilikuwa na baiskeli yake, Swala, iliyotengenezwa hapa hapa Tanzania. Mpaka leo tukipata fremu ya Swala tunaiweka pembeni kwa heshima.

MIAKA YA SHIDA ILITUFUNDISHA

Vita vya Kagera vilianza 1978 na kwisha 1979. Baada ya hapo ikaja miaka ya foleni. Sabuni hakuna, sukari hakuna, na tairi ya baiskeli ndiyo usiseme. Mpaka masharti ya kuingiza bidhaa yalipolegezwa mwaka 1984, watu waliishi kwa ujanja wa mikono.

Tuliokuwa watoto wakati ule tunakumbuka. Tairi iliyopasuka ilishonwa kwa uzi wa nailoni kama kiatu. Aliyekosa tyubu alijaza majani ndani ya tairi akaenda zake, ingawa makalio yalijua. Tyubu iliyochoka ilikatwa ikawa mpira wa kufungia mzigo. Ringi iliyopinda walipewa watoto waikimbize kwa kijiti. Hakuna kilichotupwa.

Ndugu wasomaji, sisi hatukuvumbua ufundi wa kufufua baiskeli. Wazazi wetu waliujua. Neema ilipoingia ndipo watu walipousahau.

BAISKELI ZA MAMA KUTOKA JAPANI

Baadaye bandari ya Dar es Salaam ikaanza kupokea mitumba ya kila namna, na katika mitumba hiyo baiskeli kutoka Japani. Tunazijua sote: fremu imeshuka katikati kama mgongo wa punda, kikapu mbele, kifuniko cha mnyororo, dainamo na kengele.

Zilitokaje huko? Katika miji ya Japani watu wengi huendesha baiskeli mpaka stesheni, wakaiacha pale na kupanda treni. Nyingine haziji kuchukuliwa tena. Zilijaa mpaka njia zikazibwa. Mwaka 1980 ikatungwa sheria juu ya maegesho ya baiskeli, na mwaka 1993 sheria ikarekebishwa ili halmashauri ziweze kuziuza au kuziondoa zile zisizokuwa na mwenyewe baada ya kutunzwa kwa muda. Mwaka 1988 baadhi ya halmashauri hizo ziliungana na shirika la JOICFP, zikawa zinatengeneza baiskeli zilizoachwa na kuzipeleka nchi za nje kwa ajili ya wakunga na wahudumu wa afya. Nyingine nyingi zilinunuliwa na wafanyabiashara na kusafirishwa kwa makontena.

Jambo lililotufurahisha tulipolijua ni hili. Wajapani wenyewe wanaiita baiskeli ile kwa jina linalotokana na neno mama. Imetengenezwa kwa ajili ya mama wa nyumbani anayekwenda sokoni na mtoto. Haina bomba la juu. Mama mwenye kanga anapanda bila kuomba msaada na bila kuvunja heshima yake. Kwa hiyo kitu kilichotupwa na mama wa Japani kilimfaa mama wa Ifakara kuliko kile kilichotengenezwa kwa ajili ya karani wa mkoloni.

PIKIPIKI ZILIPOINGIA

Kisha zikaja pikipiki za bei nafuu. Mwaka 2010 serikali iliweka kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za kubeba abiria, na bodaboda ikawa ajira ya vijana. Hatuisemi vibaya. Bodaboda imewahisha wagonjwa wengi hospitalini.

Lakini baba aliyepata pikipiki hakuitazama tena baiskeli. Ikapandishwa juu ya paa la banda la kuku. Ikaegemezwa nyuma ya choo. Fremu ikawa nguzo ya kamba ya nguo. Nyingine zilibaki kwa fundi miaka, mwenyewe hakurudi kulipa. Halafu akaja mnunuzi wa chuma chakavu na mizani yake. Baiskeli nzito ya zamani ina kama kilo 20. Ukiuza kwa kilo unapata fedha ya mboga ya siku chache, na chombo ambacho kingetembea miaka 20 mingine kinakwenda kuyeyushwa.

KIKUNDI CHAANZA

Tulianza mwaka 2015 tukiwa akina mama 22, kila wiki tukinunua hisa, na sanduku letu lina kufuli tatu zenye funguo kwa watu watatu. Mikopo ya mwanzo ilikwenda kwenye mchele, vitenge na ada za shule. Katika kufuatilia marejesho tuliona jambo. Wanachama wenye nauli kubwa walirejesha kwa shida. Faida ya mchele ilipandishwa bodaboda asubuhi ikashushwa jioni. Mama anayeuza samaki alilipa kwenda na kurudi kila siku, mpaka tukamuuliza, wewe unafanya kazi yako au ya mwenye pikipiki?

Tukapiga hesabu ya baiskeli mpya, ikatushinda. Ndipo mmoja wetu akasema, "Jamani, kwani hizi zilizo juu ya mabanda ni za nani?" Watu walicheka, lakini wiki iliyofuata zilikuja tatu. Moja ilikuwa haina gurudumu la mbele, moja haina mnyororo, na ya tatu ilikuwa na kiota cha kuku kwenye keria.

Mzee mmoja fundi wa Kibaoni alikubali kutufundisha. Masharti yake yalikuwa kwamba tusimletee baiskeli na kuondoka. Tukae, tushike spana. Alisema mama anayejua kupika pilau hawezi kushindwa na gololi.

TULICHOJIFUNZA KWENYE UFUNDI

Tunaandika haya kwa faida ya vikundi vingine.

Kwanza, tazama fremu. Futa vumbi, pitisha kidole kwenye maungio, hasa chini ya kiti na pale usukani unapoingilia. Ukiona ufa, usinunue, chukua vipuri tu. Kutu ya juu si neno, kutu iliyotoboa ni neno.

Pili, zungusha magurudumu. Ringi inayoyumba kidogo inanyooshwa kwa kukaza na kulegeza njiti. Raleigh za zamani zina njiti 32 mbele na 40 nyuma, maana mzigo uko nyuma. Njiti tatu zikikatika ukaacha, zilizobaki zinabeba mzigo usio wao, nazo zitakatika. Katika kikundi huo ni mfano tunaoutumia mpaka leo kwa wasiolipa hisa.

Tatu, pima mnyororo kwa rula. Vipande 24 vya mnyororo mpya ni inchi 12 kamili. Ukizidi kwa thumuni ya inchi, umekwisha. Ukiuacha utakula meno ya gia, na hasara itakuwa mara mbili.

Nne, fungua habu, osha gololi kwa mafuta ya taa, tia grisi mpya. Habu ya nyuma huwa na gololi 18, tisa kila upande. Gololi yenye kovu itupwe, maana moja mbaya huharibu zote.

Tano, pedali ya kushoto hufunguliwa kinyume na nyingine. Wengi wameharibu uzi wa pedali kwa nguvu bila kujua hilo. Ukikaa juu ya baiskeli, ya kulia inakazwa kama kawaida, ya kushoto inakazwa kwa kugeuza kinyume.

Sita, angalia ukubwa wa tairi kabla hujatoa fedha. Baiskeli nyeusi kubwa hutumia tairi ya 28. Nyingi za Kijapani hutumia 26 kwa 1⅜, nazo hapa kwetu zilikuwa adimu. Tulizoea kuagiza Dar es Salaam kwa pamoja, jozi kadhaa kwa mara moja, ili nauli ya mzigo igawanyike.

NANI MWENYE BAISKELI?

Sasa tunafika kwenye jambo lenyewe. Ufundi si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kujibu swali hili.

Mwenzetu mmoja alikuwa mjane. Baiskeli ya marehemu mume wake ilikaa juu ya banda miaka sita, haina tairi, haina mnyororo, haina kiti. Katika miaka sita hiyo hakuna ndugu hata mmoja aliyeiulizia. Akakopa kikundini, akanunua vipuri, tukaifufua. Ikapakwa rangi ya buluu, ikang'aa. Wiki ya pili shemeji yake akaja. "Hiyo ni mali ya kaka yangu." Akaichukua.

Tulikutana jioni ile ile. Wengine walitaka kwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, wengine walisema tusiingilie ya ukoo. Katibu wetu akafungua daftari. Kila kipuri kiliandikwa: tairi mbili, tyubu mbili, mnyororo, kiti, pedali, njiti, gololi, rangi, na fedha ilikotoka. Asubuhi tukaenda kwa shemeji watu tisa, na spana. Tukamsalimu kwa heshima, shikamoo yake tukampa. Tukamwambia, "Shemeji, fremu na magurudumu makavu ni ya kaka yako, hatuna ugomvi. Vipuri ni vya kikundi, mkopo haujalipwa. Tumekuja kuvichukua." Tukakaa chini ya mwembe wake, tukaanza kufungua. Mnyororo tukautia kwenye kikapu. Kiti tukakitia kwenye kikapu. Tairi na tyubu tukavitoa. Majirani walijaa. Ilipobaki kama ilivyokuwa juu ya banda, mzee aliinama, akasema hana haja na vyuma vile. Tukamwomba aandike. Akaandika, jirani akashuhudia, na pale pale tukaanza kufunga upya.

Baiskeli ikiwa imetupwa, haina mwenyewe. Ikitengenezwa inapata wenyewe watatu. Tumeliona hilo kwa baiskeli, na tumeliona kwa mashamba ya vichaka na kwa viwanja vya bondeni. Kitu anachoachiwa mwanamke huwa ni chake mpaka siku kitakapofaa.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mke ana haki ya kumiliki mali yake mwenyewe kama mume alivyo na haki hiyo. Lakini sheria iliyo kitabuni haifuniki banda la kuku. Inahitaji karatasi. Kwa hiyo tuliweka kanuni: KARATASI KWANZA, SPANA BAADAYE. Anayetoa au kuuza baiskeli mbovu anaandika jina lake na kutia sahihi au dole gumba. Jirani anashuhudia. Namba iliyogongwa kwenye fremu, ambayo mara nyingi iko chini ya pedali, inanakiliwa. Jina la mwenye baiskeli linaandikwa, na jina hilo ni la mama mwenyewe. Utaratibu huu unatulinda pia tusiuziwe mali ya wizi. Asiyeweza kuonyesha alikoipata, hatununui kwake hata kwa bei ya bure.

Waume wengine walinung'unika mwanzoni. Wakauliza, kwani nyumba moja ina wenyewe wawili? Tukawajibu kwamba kibali cha pikipiki nacho kina jina moja, na hatujawahi kuuliza. Siku hizi baadhi yao ndio wanaotuletea habari za baiskeli zilizotupwa, na wanaomba kuazima. Wanaazimwa.

TUNAPOELEKEA

Tukitazama nyuma, baiskeli hizi hazikututajirisha. Zimepunguza nauli. Zimemfikisha mama shambani na kumrudisha nyumbani jioni badala ya kulala kwenye dungu. Zimewapeleka mabinti sekondari bila kumtegemea mwenye pikipiki, na wazazi mnaelewa tunasema nini. Tena kwa wengi wetu baiskeli ile ndiyo mali ya kwanza ya magurudumu kuandikwa kwa jina letu tangu tuzaliwe.

Yaliyobaki ni haya. Wafadhili na wapenzi wa kikundi, msiuze baiskeli kwa kilo kabla hamjatuita tuitazame. Wanachama, kila mmoja amfundishe binti mmoja kuziba pancha na kukaza njiti, maana mafundi wazee wanapungua. Na tusione aibu ya kitu kilichotumika. Msala unapita, mbacha wa nyumbani ndio unaokulaza.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na vya kwetu viliundwa mara mbili.

Kwa niaba ya wanachama wote,
Mwenyekiti wa Kikundi
Ifakara